Mkweche Unapoingia Porini

Fundi anayejua kazi, ukimpelekea mkweche na kumwambia unataka uingie porini, haanzi na injini. Analala chini yake. Anakaa huko kitambo akigonga hapa na pale kwa mpini wa bisibisi, akisikiliza chuma kinavyojibu, na akitoka anakutajia sehemu ambazo gari lako litavunjikia. Kuhusu kasi hasemi neno. Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu: kulichukua gari la zamani, la bei ya chini, linalovutwa na magurudumu mawili tu, na kulifanya lihimili njia ambazo waliolitengeneza hawakuziwaza.

Sisi wa Mitwero lami tunayo. Barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam inapita hapa. Lakini iache lami uelekee bara, na muda si mrefu unakutana na mchanga unaomeza tairi, kisha mfinyanzi mweusi ambao kiangazi ni mgumu kama sakafu na masika hauna urafiki na mtu. Ufuta ukivunwa, korosho zikiiva, mzigo haumsubiri mwenye Land Cruiser. Unapakiwa kwenye Corolla na Probox. Kwa hiyo mbio za porini huku tumekuwa nazo siku zote, ila hazina bendera wala saa ya kupimia. Aliyewahi kusafiri kutoka Nangurukuru kwenda Liwale wakati wa mvua anajua ninachosema. Aliyevuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, anajua zaidi. Hata lami yenyewe si ya kuitegemea sana: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu maeneo ya Somanga, mabasi yakabaki upande huu na upande ule.

Wengi leo wanaamini kwamba bila magurudumu manne ya kuvuta hakuna mashindano. Historia ya Afrika Mashariki inakataa. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia hapo hadi mwaka 1986 kila gari lililoshinda lilivutwa na magurudumu mawili. La kwanza la kuvutwa na magurudumu manne kushinda lilikuwa Audi, mwaka 1987. Dar es Salaam ilikuwa na bingwa wake, Bert Shankland, aliyeshinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404, gari lile lile ambalo watu wa mjini walilitumia kama teksi. Na Joginder Singh, fundi magari aliyezaliwa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na timu ya kiwanda kabla hawajainunua. Mkono wa pili! Joginder alishinda tena 1974 na 1976, lakini sifa yake kubwa kwangu si ushindi huo. Ni kwamba alianza Safari mara 22 akamaliza 19. Katika mbio ambazo mwaka 1963 na tena mwaka 1968 yalifika magari saba tu, kumaliza ndiko kulikompambanua fundi na mbabaishaji.

Sasa turudi chini ya gari.

Kitu kinachoua gari dogo porini mara nyingi ni jiwe moja lililogonga sampo. Oili inamwagika, dereva hajaona taa, injini inakamata. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni bamba la chuma la kuikinga sampo. Nimelitazama likitengenezwa, na linahitaji akili kuliko nguvu. Chuma kikiwa chembamba, jiwe linakikunja mpaka chenyewe kinaigusa sampo. Kikiwa kinene mno, pua ya gari inalala na springi zinachoka. Fundi anaacha nafasi ya vidole viwili kati ya bamba na sampo. Anatoboa tundu moja kubwa chini ya nati ya kumwagia oili, na matundu madogo ya kupitisha hewa, maana injini iliyofunikwa chini huchemka. Ncha ya mbele anaipinda juu kama gubeti ya dau, ili gari likikuta tuta la mchanga lipande juu yake badala ya kuchimba. Nyuma haifungi kwa kuchomelea. Anaweka bolti, kwa sababu kesho lazima bamba litoke oili ibadilishwe. Kazi hiyo nzima haina kitu cha kuagiza Japani.

Kisha kunyanyua. Hapa vijana wengi huharibu. Wakishaona spesa za inchi mbili zimekaa vizuri, wanataka nne. Gari linalovuta mbele halikubali. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu zinakaa kwa pembe kali, jointi zinalia kwenye kila kona, na siku moja zinakatika. Inchi mbili zinatosha, shokapu ziwe imara, na pale shokapu zinaposhika bodi paongezewe bati na kuchomelewa vipande vipande, si mstari mmoja mrefu unaochoma chuma kikakosa uhai. Milango ikianza kugoma kufunga, bodi imeshajipinda na hakuna rangi itakayoficha hilo.

Mengine nitayataja haraka. Viti vya nyuma na mazulia hutoka, uzito upungue. Mabomba ya breki na ya mafuta huhamishwa kutoka chini ya sakafu yakapita ndani. Mbele ya rejeta hufungwa wavu wa waya, maana mbegu za nyasi huziba mapezi yake kuliko vumbi. Tairi jembamba lenye meno hushinda pana kwenye tope, kwa kuwa linakata hadi kwenye udongo mgumu. Kwenye mchanga upepo unapunguzwa kutoka paundi 30 hadi kama 16, na dereva anatembea na pampu ya kujazia akitoka.

Ufundi huu haukomei kwenye spana, unaendelea kwenye usukani. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kule kusiko na kazi: gurudumu moja likielea, linazunguka bure na mwenzake ametulia. Dereva wa gari linalovuta nyuma huvuta hendibreki kidogo tu, lile linalozunguka bure likabanwa, nguvu ikahamia upande wa pili. Mwenye gari linalovuta mbele akishindwa na mlima wa utelezi, hugeuza gari akaupanda kwa rivasi, kwa sababu mlimani uzito hukimbilia chini, na kwa kugeuka hivyo unayakandamiza magurudumu yanayovuta. Mtu asiyejua akimwona atadhani gari limeharibika gia.

Kwenye usalama sina mjadala. Gari la kushindana lisilo na kizimba cha mabomba ndani, mikanda ya kweli na kizimamoto ni jeneza. Na gari lililonyanyuliwa kwa ajili ya porini lisirudishwe barabarani kubeba abiria Jumatatu, kwa kuwa linapinduka kwa wepesi zaidi.

Uswidi na Ufini wana mbio za magari ya bei rahisi zenye kanuni ninayoipenda sana: gari lako likishamaliza kushindana, mshindani mwingine ana haki ya kulinunua kwa bei ndogo iliyopangwa, na huruhusiwi kumkatalia. Kwa hiyo hakuna anayemwaga mamilioni kwenye gari moja. Kinachobaki ni mkono wa fundi. Kanuni hiyo ingetufaa huku kusini. Njia ipo tayari: kutoka Mitwero kwenda Mchinga, kisha bara kuelekea Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913 na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. VETA Lindi wana vijana wanaojifunza kuchomelea na ufundi wa magari. Waandaaji wa mbio za magari nchini waje tukae nao, watupangie daraja la magari yanayovutwa na magurudumu mawili, yasiyozidi bei watakayoitaja, na pointi nyingi zaidi wapewe wanaofika.