Sponji, Msasa na Makalio

Fundi wa viti vya pikipiki hana kelele. Katika karakana za jua kali za Thika na Ruiru, mchomeleaji wa mageti utamsikia kabla hujamwona, na anayefua mabati utamtambua kwa mdundo wake. Huyu wa viti utampita tu. Ana cherehani, mkasi, kisu, mkebe wa gundi, na kipande cha msumeno wa chuma kilichoviringishwa kitambaa upande mmoja kiwe mpini. Nyuma yake viti vimetundikwa ukutani, vingine vimevaa reksini mpya, vingine vimevuliwa hadi vikabaki bamba tupu. Ukimwangalia kwa haraka utasema anashona mito. Mimi naihesabu kazi yake miongoni mwa kazi za mikono zenye akili zaidi katika ukanda huu wa viwanda, na atakayebisha akae naye nusu siku.

Wateja wengi huja na ombi moja: “Fundi, niongezee sponji, iwe laini.” Fundi mzuri habishani. Huweka kiti juu ya benchi, hukikandamiza kwa ngumi pale mwendeshaji anapokaa, kisha humwambia mwenyewe akandamize. Ngumi ikizama hadi ikagusa bamba, maneno yamekwisha. Kiti hicho si kigumu, kimelegea mno. Mtu akikaa, uzito wake mwingi huteremkia mifupa miwili iliyo chini ya nyonga. Sponji laini hukubali kila kitu mara moja, ikajibana ikaisha, na kuanzia hapo mwendeshaji amekalia plastiki au bati akidhani amekalia sponji. Akitoka Thika, kilomita za mwanzo atasifu. Akifika Sagana ataanza kuegemea upande mmoja. Akifika Nanyuki atakuwa anatafuta kisingizio cha kusimama.

Kwa hiyo jibu la kwanza la fundi humshangaza mteja: anataka kuweka sponji ngumu zaidi. Na hapa pana jambo ambalo hata wauzaji wa magodoro hulichanganya. Uzito wa sponji ni kitu kimoja na ugumu wake ni kitu kingine. Uzito ni kiasi cha mali iliyomo ndani ya mita moja ya mchemraba, na huo ndio unaoamua sponji itadumu mwaka au mwezi. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza, nao hupangwa kwa namna kiwanda kilivyochanganya dawa zake. Inawezekana kabisa ukauziwa sponji ngumu iliyo nyepesi: dukani itakusukuma mkono vizuri, na baada ya msimu mmoja wa mvua itakuwa imebondeka. Kemia iliyozaa sponji hii ilivumbuliwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, na tangu hapo wanakemia wameiandikia vipimo vingi. Fundi ana kidole gumba. Huikamua pembeni, huiachia, na hutazama inavyorudi. Inayorudi polepole ikiacha alama huirudisha kwa mwenye duka bila maelezo.

Wengine hupenda ile sponji ya madoadoa, iliyotengenezwa kwa mabaki yaliyosagwa na kugandishwa upya. Peke yake ni kama ubao. Lakini ikiwekwa chini, karibu na bamba, halafu juu yake ikalazwa tabaka nyembamba ya sponji yenye huruma kidogo, kazi inakuwa tayari imegawanywa: ya chini inabeba, ya juu inapokea. Ukikata kiti kizuri katikati utaukuta mpango huo, iwe kimetoka Makongeni hapa Thika au katika kiwanda cha Corbin huko California, kampuni ambayo wapanda pikipiki wa Marekani huilipa pesa nyingi kwa viti vyake vigumu.

Ila sehemu ninayoipenda haihusu kuongeza. Fundi aliyekomaa huanza kwa kupunguza. Kiti kinachotoka na pikipiki kiwandani, iwe Boxer au TVS, kimetengenezwa kimfae kila mtu, yaani hakikupimwa kwa mtu yeyote. Mara nyingi huinamia mbele, kwa hiyo mwendeshaji huteleza pole pole hadi akabanwa na tangi, akajisukuma nyuma, akateleza tena, siku nzima. Mtu huyo analalamikia makalio, kumbe anayemchosha ni mteremko. Fundi humwambia apande pikipiki, akae anavyokaa barabarani, aweke miguu chini. Kisha huchukua chaki na kuchora: hapa nyama inabaki, hapa inatoka. Hukata kipande chenye umbo la kabari sehemu ya mbele, hukigeuza ili upande mnene utazame tangi, na mteremko umekufa.

Baada ya hapo ni msumeno, kisha msasa. Sponji ni mali ya ajabu kuchonga, kwa sababu inakimbia mkono. Ukiisukuma kwa nguvu inajikunja mbele ya makali na kukatika vibaya, ikaacha mashimo ambayo yataonekana juu ya reksini kama mapele. Inataka makali na mkono mwepesi unaopita mara nyingi juu ya sehemu ile ile. Wenye umeme hufunga duara la msasa kwenye grinda na kulipitisha kwa kugusa tu, vumbi la njano likiwajaa kwenye nyusi. Na hapo ningewaomba wote wavae barakoa, maana lile si vumbi la kuchezea. Kila baada ya muda fundi hufumba macho na kupitisha kiganja. Jicho hudanganywa na rangi ya sponji mbili tofauti zilizoungwa, kiganja hakidanganyiki.

Gundi nayo ina adabu zake. Hupakwa pande zote mbili, huachwa hadi ikiguswa isinate kidoleni, ndipo pande hizo hukutanishwa. Fundi mwenye haraka huunganisha ikiwa mbichi, kiti kikaachana ndani kwa ndani baada ya wiki chache. Tena gundi ikikauka hufanya mstari mgumu, hivyo kiungo hakipaswi kupita chini ya ile mifupa miwili. Mteja hataujua uamuzi huo. Hataona kilichofanyika, wala hakuna mahali pa kuonyesha. Atasema tu kwamba kiti “kimekubali”.

Halafu inchi. Kila inchi inayoongezwa juu hufungua magoti, na mwendeshaji mrefu hushukuru. Mfupi hupoteza ardhi: akisimama kwenye foleni ya mzunguko wa Ruiru, kidole cha mguu ndicho kinachogusa lami, na abiria nyuma yake ana gunia la viazi. Kwa hiyo fundi hupanua kiti pale makalio yanapokaa na kukibana pale mapaja yanaposhuka. Upana wa nyuma unagawanya uzito, wembamba wa mbele unarudisha miguu chini. Ukikitazama kiti kama hicho kutoka juu utaona kiuno.

Kuna na mtu wa pili. Sheria ya trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, ingawa kiti cha boda huagizwa kirefu kwa sababu ambazo sote tunazijua. Bodaboda ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miongo kadhaa kabla pikipiki za bei nafuu hazijajaa barabarani, na tangu enzi hizo tofauti ya baiskeli ya mtu na baiskeli ya biashara ilikuwa ule mto ulioshonewa juu ya keria. Ufundi huu basi ulianza na abiria; mwendeshaji alikumbukwa baadaye. Mpaka leo fundi anayejua kazi humfikiria mama aliyevaa sketi anayekaa upande: ukingo wa kiti ukiachwa mkali utamkata chini ya paja, ukiwa laini mno atahisi anamwagika. Hapo sponji hukazwa na kuviringwa. Pia huweka kidaraja kidogo kati ya wawili hao, ili breki ikifungwa ghafla abiria asimwangukie mwendeshaji kwa kifua.

Kuhusu kuvisha, nitasema kwanza jambo linalonichekesha. Thika ina kiwanda cha kusindika ngozi, Leather Industries of Kenya, na bado karibu kila kiti cha pikipiki mjini humo kimevaa plastiki. Nilidhani ni ubahili. La, fundi wako sahihi. Ngozi halisi inakunywa mvua, inakauka, inapasuka, na boda hulala nje. Reksini yenye mgongo wa kitambaa kinachovutika huvumilia. Kabla ya kuivuta, fundi huianika juani hadi ilegee. Jua linalompiga kisogoni siku nzima ndilo pasi yake. Huivuta mbele na nyuma kwanza, katikati, kisha ubavu huu na ubavu ule kwa zamu, akipiga pini moja moja. Anayemaliza upande mmoja wote kabla ya kugusa wa pili atapata mikunjo isiyotoka hata kwa maombi. Chini ya reksini hulaza karatasi ya nailoni, kwa kuwa kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na sponji iliyolowa haikauki upesi; mwendeshaji huenda na baridi ya jana kiunoni. Mishono hupelekwa pembeni, mbali na panapokaliwa. Mimi nikitaka kumpima fundi nisiyemjua huangalia mishono yake imepita wapi. Nakshi za rangi tatu na manyoya ya bandia hazinidanganyi, na kusema kweli kiti kilichojaa mishono ya urembo katikati huwa kimeshonwa na mtu anayependa picha kuliko safari.

Mtu anaweza kuuliza safari ndefu ziko wapi. Zipo. Kutoka Thika barabara ya A3 inakwenda Garissa kupitia Matuu na Mwingi, zaidi ya kilomita 300 za joto linalopanda kadiri unavyoshuka. Ya A2 inapanda Sagana, Karatina na Nanyuki, ikapita Isiolo na Marsabit hadi Moyale, na siku hizi ni lami mpaka mpakani. Lami hiyo imeleta tatizo ambalo murram haikuwa nalo. Kwenye murram mtu husimama juu ya vikanyagio, hujisogeza, hukaa upya, na damu hutembea. Kwenye barabara kuu ya Thika, zile kilomita 50 kutoka Nairobi zilizofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, mtu hukaa tuli kama mzigo. Utulivu huo ndio unaoua makalio. Kiti kizuri cha safari huacha nafasi ya mtu kusogea inchi mbili nyuma na mbele. Kile kilichochimbwa shimo la kumfuata mtu umbo lake kinasifiwa sana siku ya kwanza na kulaaniwa ya pili.

Lakini wateja wakuu wa mafundi hawa hawaendi Moyale. Marekani kuna Iron Butt Association, chama kinachompa cheti anayeendesha maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Nawaheshimu. Kisha namtazama kijana wa steji ya Kihunguro aliyepanda pikipiki kabla ya alfajiri na atakayeshuka usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, na hajatoka nje ya Ruiru. Mwili haujui kilomita, unajua saa. Kwa hesabu hiyo mabingwa wa safari ndefu wako hapa stejini, na fundi wa viti ndiye anayewaweka kazini. Mgongo wa huyo kijana ukigoma, mkopo wa pikipiki haungoji.

Fundi mwaminifu hujua pia mwisho wa uwezo wake. Springi za nyuma zikikazwa kwa ajili ya mizigo, zikampiga mtu aliye peke yake, hakuna sponji itakayomwokoa. Tairi iliyojazwa upepo kupita kiasi vilevile. Nimesikia fundi akimwambia mteja: “Hii si kiti, kaka. Enda kwa mekanika kwanza, kisha urudi.” Alikuwa anaikataa pesa iliyokuwa tayari mezani.

Ukiwa na safari, basi, usipeleke kiti jioni ya kuamkia siku ya kuondoka. Peleka wiki mbili kabla, uende na pikipiki yenyewe, umevaa suruali na viatu vya safari, umruhusu fundi akuone umekaa. Mwonyeshe panapouma na umwachie yeye achague sponji. Akisema gundi ilale hadi kesho, rudi kesho. Ukitumia kiti siku kadhaa, mrudishie akipige msasa pale panapokusumbua. Na akikutajia bei, mlipe.