Shaba, Unga na Subira

Kebo nyingi za umeme majumbani zimevikwa plastiki ya PVC. Ni rahisi kutengeneza, inapindika vizuri, bei yake inabebeka, na katika siku za kawaida haina lawama. Kasoro yake hujulikana siku ya moto. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC halisi ni klorini, na plastiki hiyo ikiungua hutoa moshi mweusi mzito pamoja na gesi ya kloridi ya haidrojeni. Gesi ikikutana na unyevu wa macho, pua na koo hugeuka asidi. Mtu aliye mbali na ndimi za moto huweza kupofushwa na moshi, akakosa mlango anaoujua kila siku.

Watengenezaji wa kebo wamelijibu tatizo hilo kwa njia mbili kubwa. Moja ni plastiki isiyo na klorini, iliyochanganywa na unga wa haidroksidi ya alumini kwa kiasi ambacho mara nyingi huzidi nusu ya uzito wa mchanganyiko. Joto likifika nyuzi 200 hivi, unga huo huanza kuvunjika na kutoa maji kiasi cha theluthi moja ya uzito wake. Maji hugeuka mvuke, mvuke hula joto na kuzimua gesi zinazowaka, na moshi unaobaki huwa mwepesi. Njia ya pili ni ya zamani zaidi na haina masikilizano na moto: plastiki inaondolewa kabisa. Ganda la kebo ni bomba la shaba nyekundu lisilo na mshono. Ndani yake zimo waya za shaba, na nafasi yote iliyobaki imejazwa unga mweupe wa oksidi ya magnesi ulioshindiliwa mpaka ukawa mgumu. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, na unga ule kwenye nyuzi 2800 hivi. Humo ndani hakuna cha kuungua.

Mswisi Arnold François Borel aliandikisha hataza ya wazo hili mwaka 1896. Viwanda vilichelewa kulifuata. Kebo hizi zilianza kutengenezwa kibiashara Ufaransa katika miaka ya 1930, kisha Uingereza, katika mji wa Hebburn ulioko kando ya mto Tyne. Bomba nene la shaba huwekewa waya na unga, halafu huvutwa kupitia tundu la chuma gumu, kisha tundu dogo zaidi, na dogo zaidi. Shaba inayovutwa hukakamaa, kwa hiyo kila baada ya hatua kadhaa hupashwa moto ilegee, ndipo ivutwe tena. Bomba linavyozidi kuwa jembamba, unga nao unazidi kubanwa. Kebo ya waya mbili za milimita mraba 1.5 huweza kumalizika ikiwa na kipenyo kisichofika milimita 6.

Kiwandani kazi ni ya mashine. Sehemu iliyoachiwa mikono ya mtu ni ncha. Oksidi ya magnesi ina udhaifu mmoja: hupenda maji. Ncha ikiachwa wazi, unga hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na unga uliolowa hauzuii tena umeme usipite pasipotakiwa. Kebo inayoweza kuvumilia tanuru inaweza kuharibiwa na hewa ya asubuhi yenye ukungu. Ndiyo maana fundi anayefunga kebo hizi katika kanisa la kale la mawe huko Uingereza haanzi na ncha. Huanza na kila kitu kingine.

Kwanza anailaza kebo ukutani. Huinyoosha kwa vigurudumu vidogo vya mkononi, na mahali pa kona huipinda mara moja tu, taratibu, kwa upindo mpana usiopungua mara sita ya unene wa kebo. Akikosea upindo hawezi kuukunja na kuukunjua apendavyo, kwa sababu shaba inayochezewa hukakamaa na mwishowe hupasuka. Kisha anaishika kwa vibanio vya shaba, kimoja baada ya kingine, kwa nafasi zinazolingana. Hapo hakubali kibanio cha plastiki. Mwaka 2010, katika jengo la ghorofa la Shirley Towers mjini Southampton, wazimamoto wawili walifariki, na kebo zilizodondoka baada ya vishikio vyake vya plastiki kuyeyuka zilikuwa sehemu ya mkasa huo. Kanuni za umeme za Uingereza sasa zinataka kebo zishikwe kwa namna ambayo moto hautaziangusha mapema. Fundi huyu alikuwa akitumia shaba tangu hapo awali.

Sasa ncha. Anatandika kitambaa safi na kupanga vifaa vyake kwa mfuatano wa kutumika: msumeno wa chuma wenye meno madogo, kifaa cha kuchora duara, koleo, kikombe cha shaba njano kisichozidi upana wa kidole, mirija ya kuhami waya, kisahani chenye matundu mawili, kinamo kilichofungwa kwenye nailoni, na kibanio cha mkono. Anavipanga hivyo kwa sababu akishakata, unga umeanza kuvuta hewa na hakuna tena nafasi ya kutafuta kilichopotea kwenye mkoba.

Kata yake ni wima kabisa. Kabla ya kumenya anavisha kebo vipande vya glandi itakayoishikilia kwenye sanduku. Visipotangulia kuvishwa havitaingia baadaye. Halafu anapima urefu wa waya anaotaka kuuacha wazi na kuzungusha kifaa cha duara mpaka kichore mfereji kwenye shaba. Kina cha mfereji ni suala la hisia ya mkono. Ukiwa mfupi mno, ganda litararuka kupita alama. Ukizidi, ukingo wa shaba utakunjwa kuelekea ndani, karibu na waya kuliko inavyofaa.

Kwa koleo anashika kona ya ncha, anairarua kidogo, kisha anaanza kuzungusha. Ganda la shaba linatoka kwa ukanda mmoja, likijikunja kama ganda la chungwa kisuni, na unga mweupe unamwagika chini yake. Anapokaribia mfereji anapunguza mwendo, anabadili pembe ya koleo, na ukanda unakatika pale pale kwenye alama, ukingo ukiwa safi. Zinabaki waya mbili nyekundu zinazong'aa, zimesimama katikati ya duara jeupe.

Anagonga waya kidogo unga uliolegea uanguke, kisha anazifuta kwa kitambaa kikavu. Hapulizi kwa mdomo, ingawa kila mtu aliyesimama pale angependa kupuliza. Pumzi ya binadamu ina maji.

Kikombe cha shaba njano kina hesi ndani ya shingo yake, na hesi hiyo hujikatia njia yenyewe juu ya ganda la kebo. Fundi anakiingiza kwa mkono mpaka kishike wima, ndipo anatumia spana yake maalumu. Kikienda upande, hata kidogo, anakirudisha nyuma na kuanza upya. Anasimama pale ukingo wa ganda unapolingana na sakafu ya kikombe. Kisha anakiinamisha, anakigonga, anamulika ndani kwa tochi na kuchungulia. Anatafuta chembe ya chuma. Chembe moja iliyolala kati ya waya na kikombe inatosha kuleta hitilafu miezi mingi baadaye, wakati hakuna atakayekumbuka ilikotoka.

Kinamo kinafuata. Anakisukuma kwa kidole gumba akiwa bado amekizungushia nailoni yake ili kisiguse jasho. Anakijaza kutoka upande mmoja tu, hewa ipate kutokea upande wa pili. Akijaza pande zote kwa pamoja atafungia hewa katikati, na hewa hiyo ina unyevu. Anajaza mpaka kinamo kinazidi kidogo. Kisahani na mirija yake vinateremshwa juu ya waya, kibanio kinakazwa polepole, na kinamo kilichozidi kinajitokeza pembeni. Kibanio kinakunja mdomo wa kikombe sehemu tatu na kukifunga kisahani kisitoke. Anafuta mabaki. Kama angeitwa kando kabla ya kufika hapa, angerudi na kichomeo cha gesi, aanze kuipasha kebo nyuma ya ncha na kuusogeza moto kuelekea mwisho, unyevu ufukuzwe nje. Moto, ambao kebo hii iliundwa kuustahimili, ndio dawa yake.

Ncha ya pili inafanywa vivyo hivyo, bila kuruka hatua. Ndipo anatoa mega, kipimo cha ukinzani wa kihami, na kupeleka volti 500 kati ya waya na waya, kisha kati ya kila waya na ganda. Kazi nzuri husoma zaidi ya megaomu 100. Anaandika namba, tarehe na jina la sakiti. Kwa mtazamaji, kazi imekwisha. Kwa fundi haijaisha, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani huchukua muda kupenya. Kesho yake anarudi na mega ile ile. Namba ikiwa imeshuka, hana mjadala nayo: anakata ncha na kuanza tena tangu msumeno.

Katika mtihani mkali wa Uingereza, BS 6387, kebo hukabiliwa na moto wa nyuzi 950 kwa saa 3, huku umeme ukiendelea kupita. Sampuli nyingine humwagiwa maji katikati ya moto, na nyingine hupigwa mishtuko. Kebo ya shaba na unga huyapita yote hayo. Ndiyo maana huaminiwa kwa taa za njia za dharura, ving'ora na pampu za maji ya zimamoto, yaani vile vinavyotakiwa kufanya kazi wakati vingine vyote vimeshindwa.

Bei yake ni kubwa na ufungaji wake ni wa polepole, kwa hiyo si kila nyumba inaihitaji. Lakini anayesimamia hospitali, ukumbi au jengo la ghorofa, na akaichagua, asiishie kununua shaba. Amlipe fundi kwa siku ya pili pia, na adai karatasi yenye vipimo vya siku zote mbili.