Jinsi saa za kompyuta za ofisi zinavyolinganishwa

Saa ya kompyuta huendeshwa na fuwele ndogo ya kwatzi iliyo kwenye ubao-mama. Fuwele hiyo ikikosea sehemu 20 tu katika milioni, jambo la kawaida kabisa, saa hupotea karibu sekunde 1.7 kwa siku. Baada ya miezi sita zimeshatimia dakika 5, na kwenye mtandao wa ofisi unaotumia domeni ya Windows hicho ndicho kikomo. Kerberos, mfumo unaothibitisha watumiaji, hugonga muhuri wa saa kwenye maombi yake ili aliyenasa ombi la mtu asije akalitumia baadaye. Saa zikipishana zaidi ya dakika 5, seva inaweza kumkataa mfanyakazi ambaye nenosiri lake ni sahihi kabisa.

Kuiuliza seva "saa ngapi?" hakutoshi, kwa sababu jibu huwa limeshachelewa njiani. David Mills, Mmarekani aliyebuni NTP, itifaki ya kulinganisha saa, na kuichapisha mwaka 1985, aliona kwamba safari yenyewe lazima ipimwe. Tuseme kompyuta inatuma ombi saa yake ikisoma 4:00:00 kamili. Seva inalipokea milisekunde 530 baada ya 4:00:00, kwa saa ya seva, na kujibu kwenye 531. Jibu linafika kompyuta ikisoma 61. Tayari zipo nyakati nne. Toa ile milisekunde moja iliyotumika ndani ya seva: safari ya kwenda na kurudi ni 60. Wakati wa kwenda saa zilionekana kupishana kwa 530, wakati wa kurudi kwa 470. Wastani ni 500. Kompyuta iko nyuma kwa nusu sekunde, basi.

Hesabu hii ni nzuri mno, lakini ina sharti: njia ya kwenda na ya kurudi zichukue muda sawa. Laini ya intaneti ikisongwa upande mmoja, kosa linaweza kufika nusu ya safari nzima. Ndiyo maana siafiki kila kompyuta ya ofisi ijitafutie saa yake nje. Seva moja au mbili ziulize nje, tena vyanzo vinne au zaidi ili kinachodanganya kijulikane, kisha kompyuta nyingine zote ziziulize hizo. Ndani ya jengo safari kwa kawaida haifiki hata milisekunde moja.

Kurekebisha nako kuna adabu yake. Programu ya ntpd, tofauti ikiwa chini ya milisekunde 128, haiirushi saa. Huiharakisha au kuipunguza mwendo, kwa kiwango kisichozidi nusu milisekunde kila sekunde. Saa ikirudishwa nyuma ghafla, stakabadhi ya pili inaweza kuonekana imetolewa kabla ya ya kwanza, na mhasibu hatakuwa na njia ya kujua ukweli.

Kosa la Afrika Mashariki ninalolichukia zaidi ni la ukanda wa saa. Mfumo huhesabu UTC, saa ya pamoja ya dunia, ndani kwa ndani, kisha huongeza saa tatu unapoonyesha saa yetu. Kompyuta mpya ikija na ukanda usio wetu, mtu huisogeza saa kwa mkono. Kioo kinasoma sawasawa, kumbe ndani ameharibu UTC.

Kwenye domeni ya Windows, kompyuta hufuata seva za domeni, nazo hufuata seva moja yenye jukumu la PDC. Hiyo ndiyo ya kuangaliwa kwanza, hasa ikiwa ni mashine pepe: huenda inachukua saa kwa mashine inayoibeba, nayo hiyo inachukua saa kwenye domeni. Ofisi nzima itakubaliana, na nzima itakuwa imepotea. Andika w32tm /query /source kwenye seva hiyo. Jibu likiwa Local CMOS Clock, hakuna chanzo cha nje kinachofuatwa. Likitaja VM IC, saa inatoka kwa mashine mwenyeji, na huko ndiko pa kuanzia matengenezo.