Miwani Isiyojua Heshima

Katika video za Chuo Kikuu cha Stanford, mtoto mwenye usonji anamwangalia mamake kupitia miwani ya Google Glass, kamera inausoma uso, na kioo kinampa jibu: furaha, hasira, hofu. Hisia ni 8, kila moja na kikaragosi chake. Hapo ndipo kazi nzima ilipoharibika, kwa sababu wabunifu waliamua kwamba uso una jibu moja na mashine inalijua. Mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walipopitia tafiti za nyuso na hisia mwaka 2019, waliona kwamba watu wenye hasira hukunja uso takriban mara 30 tu kati ya 100. Sasa ilete miwani hiyo Navakholo, Kakamega. Mkwe akikutana na mama mkwe wake njiani, huinamisha macho na kumpisha, wala hamkazii macho usoni. Kila mtu sokoni anaelewa kwamba hiyo ni heshima, lakini katika zile hisia 8 heshima haimo. Mtoto anayeshika kanuni jinsi alivyopewa ataondoka na jibu la kioo, nalo si jibu la kwao.

Watetezi watataja jaribio la miwani hiyo lililochapishwa Machi 2019: watoto 71 wa miaka 6 hadi 12, wiki 6, dakika 20 za mazoezi nyumbani mara 4 kwa wiki. Kuyapeleka mazoezi nyumbani kulikuwa uamuzi mzuri. Hata hivyo, kati ya vipimo vikuu 4 ni kimoja tu kilichoonyesha tofauti ya kutegemewa, nacho kilitokana na majibu ya wazazi, waliojua fika ni mtoto yupi aliyevaa miwani. Kundi la pili, lisilopewa miwani, liliendelea na tiba yake ya kawaida, bila zile dakika 20 za mzazi kucheza na mwanawe wakitazamana. Basi huenda aliyemsaidia mtoto ni mzazi, sifa zikaenda kwa kioo.

Kosa ni lilelile la vishikwambi vya darasa la kwanza vilivyoletwa Kenya mwaka 2016: kifaa kwanza, mwalimu baadaye. Google nayo iliacha kuuza Glass Machi 2023. Kadi za picha za Andy Bondy na Lori Frost, zilizoanza mwaka 1985, bado zinatumika, na karatasi na gundi zinatosha kuzitengeneza. Mtoto asiyezungumza anamkabidhi mwalimu picha ya ndizi, anapewa ndizi, amesema. Kadi inampa mtoto sauti, ilhali miwani inampa mtihani. Uhalisia ulioongezwa, yaani teknolojia kama ya miwani hii inayoweka maelezo juu ya kile unachokitazama, una nafasi yake: simu ikielekezwa kwenye beseni, imwonyeshe hatua za kunawa mikono moja baada ya nyingine, maana hatua hizo hazibadiliki. Nyuso za watu tuwaachie watu. Walimu na wazazi wa Kakamega, mkiletewa kifaa cha usonji, ulizeni kwanza kama kitamsaidia mtoto kusema anachotaka. Kama hakimsaidii, kirudisheni.