Kumjua Fundi wa Kiingereza kwa Vielezi Vyake

Mwenye kutaka kujua kama insha ya Kiingereza iliyo mbele yake ni kazi ya fundi ama ya mwanagenzi, asihangaike na maneno makubwa, kwani hayo kila mtu huyaazima katika kamusi. Na avitazame vielezi, ambavyo kwa kuwa ni vidogo aghalabu havitiwi hesabuni.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kielezi cha Kiingereza ni sifa iliyotiwa mkia wa -ly, na kanuni hiyo ni sahihi kwa kadiri yake, maana slow huzaa slowly, na happy hugeuza y kuwa i ikawa happily. Lakini aishikaye peke yake atadhani friendly ni kielezi, kumbe ni sifa, na ataona fast imepungukiwa, kumbe imetimia. Asili ya mkanganyo huu ni ya kale: kabla ya mwaka 1066 sifa nyingi za lugha hiyo ziliishia kwa -lic, iliyokuja kuwa -ly, na kielezi kiliundwa kwa kuongeza e tu, nayo e ilipokwisha kufifia vinywani mwa watu, sifa na kielezi vikabaki na sura moja. Fast na hard zilipitia njia hiyo hiyo. Basi anayeandika he worked hard amesifu bidii ya mtu, na anayeandika he hardly worked ameshuhudia uvivu wake. Ole wake mtumishi ambaye barua yake ya sifa imeandikwa na asiyejua tofauti hiyo.

Ama mizani iliyo bora kupita zote, kwa rai yangu, ni mahali pa neno only. I paid only him ni kusema nilimlipa yeye tu. Only I paid him ni mimi tu niliyemlipa. Na I only paid him huacha shaka, kwamba pengine nilimlipa tu wala sikumshukuru. Sisi tuliozoea tu yetu, ambayo hufuata nyuma ya neno inalolihusu, tumejaliwa sikio la kuisikia tofauti hii, na ni taksiri kutolitumia. Vivyo hivyo tujihadhari na speaks well English, iliyo tafsiri ya anasema vizuri Kiingereza, maana Mwingereza hapendi kutenganisha kitendo na kitendwa chake.

Lipo na jaribio la kidole. Kifunike kielezi, kisha usome tena. Katika whispered softly hutakosa kitu, maana kunong'ona ni kwa sauti ya chini, kama kunyata kulivyo kwenda polepole kwa siri; lakini katika smiled sadly, ukiifunika sadly, mtu aliyekuwa akitabasamu na huzuni yake moyoni atageuka mbele ya macho yako kuwa mtu mwenye furaha.