Mgeni, Mumiani na Maji: Sinema ya Uvamizi mbele ya Watazamaji wa Kilwa na Lindi

Katika zama za utawala wa Waingereza ilikuwa desturi ya wakuu wa sinema kusema kwamba Mwafrika hajui kutazama picha. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, palifanywa jaribio la kutengeneza picha za mafunzo kwa ajili ya Waafrika. Na kikosi cha filamu cha makoloni kilichoundwa mwaka 1939 kilishika imani kwamba picha za watazamaji hao sharti ziende polepole, zisiruke kutoka mahali hadi mahali, wala zisiwe na hila za kamera. Kwa shauri hilo taharuki yote ingekatazwa, maana taharuki hukaa katika yale yaliyorukwa na yaliyofichwa. Tena ilidhaniwa kwamba mtazamaji wa namna hii hatatenga hadithi na jambo la kweli.

Dhana hiyo ilikanushwa na habari za mahali pengine. Tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles alitangaza katika redio ya Marekani mchezo wa viumbe wa Mirihi kuishambulia dunia, na baadhi ya wasikilizaji wakashikwa na hofu, ingawa watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba magazeti yaliikuza sana habari hiyo. Mwezi wa Februari 1949 mchezo wa asili hiyohiyo ulitangazwa Quito, nchini Ecuador. Watu walipotambua kuwa wamedanganywa waliitia moto nyumba ya redio, na roho zikapotea. Basi hofu haina kabila. Lililo na kabila, au tuseme lililo na mahali, ni maana ambayo hofu hiyo hupewa baada ya moyo kutulia. Maana hiyo yafaa kupimwa kwa picha moja, War of the Worlds ya Steven Spielberg ya mwaka 2005, na kwa mahali pamoja, yaani pwani ya Kilwa na Lindi.

Picha hiyo yatokana na riwaya ya H. G. Wells iliyotoka kitabu kizima mwaka 1898. Ray, dereva wa winchi wa New Jersey, anaona radi zikipiga mara nyingi mahali pamoja, kisha mashine kubwa zenye miguu mitatu zinafumuka kutoka chini ya ardhi na kuwageuza watu majivu. Anakimbia na wanawe wawili, na mwisho wa hadithi wavamizi wanakufa kwa vijidudu ambavyo miili yao haikuvizoea. Huko Ulaya na Marekani watazamaji wengi waliisifu hofu yake, lakini wakailaumu kwa mambo mawili hasa: kwanza, haielekei kwamba mashine zilizikwa zamani zote hizo bila ya kuonwa, pili, mwisho wake ni wa ghafla, kana kwamba mtunzi amechoka. Lawama hizi si za kupuuzwa, bali hazina uzito uleule kila mahali.

Wells hakuficha kusudi lake. Katika sura ya kwanza ya riwaya yake aliwakumbusha Waingereza namna watu wa Tasmania walivyoangamizwa na Wazungu, akauliza kama wenye kutenda hayo wanayo haki ya kuwalalamikia watu wa Mirihi. Yaani hadithi yake ni kioo kilichogeuzwa: mvamizi anavishwa nguo za mvamiwa ili aonje. Msomaji wa London alihitaji kugeuzwa huko. Mtazamaji wa Kilwa hakuhitaji. Habari za kale za Kilwa zasimulia kwamba mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, na mwenyeji alipokwisha kuhamia bara, mnunuzi alichimba mkondo ili hata maji yakipwa yasimpe mwenyeji njia ya kurudi. Mwezi wa Julai 1505 merikebu za Francisco de Almeida zilitia nanga, mji ukatekwa na kuporwa, ngome ikajengwa; Wareno wakaiacha mwaka 1512. Lugha yenyewe yalijua jambo hili kwa pande mbili. Husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisha husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa tayari mna sinema nzima ya uvamizi: ni habari ya mgeni aliyekataa jembe.

Ndiyo sababu neno la kumwitia mvamizi katika picha hii si jambo dogo. Kwa miaka mingi watu wengi wa miji midogo na vijiji vya Tanzania hawakuitazama sinema ya kigeni peke yake, bali pamoja na sauti ya mfasiri. Katika mabanda ya video, ambayo watu huyaita vibanda umiza, na baadaye katika kanda na sahani zilizouzwa, mfasiri alisimulia, akafafanua, akatania, akaongeza ya kwake. Aliyepata sifa kuliko wote ni Lufufu wa Dar es Salaam. Mtaalamu Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hii, aliipa makala yake jina la kugeuza wali kuwa pilau, nalo ni jina la haki: mchele ni wa mwingine, viungo ni vya mpishi. Mfasiri, kwa hiyo, ndiye mhakiki wa kwanza wa picha, na hukumu yake huisikia banda zima.

Akisema jini, amemtia mvamizi katika ulimwengu unaojulikana. Jini ana kabila lake, ana mwenyewe wa kumpunga, na aweza kuambiwa ataje anachotaka. Lakini viumbe wa Spielberg hawana maneno wala matakwa ya kujadiliwa. Hapo ndipo ilipo hofu yao. Neno jini huwapa watazamaji dawa kabla ya ugonjwa, na taharuki hufa.

Akisema mumiani, atakuwa amekaribia zaidi. Katikati ya picha mashine hukamata watu, hufyonza damu yao na kuinyunyiza juu ya mimea myekundu inayotambaa juu ya nchi. Kwa mtazamaji wa Marekani hili ni chukizo jipya. Kwa pwani ya Waswahili ni hadithi ya zamani. Kamusi ya mwaka 1939, iliyotayarishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki chini ya Frederick Johnson, yaeleza kwamba mumiani ni dawa mfano wa gundi iletwayo kutoka Uajemi, lakini watu wengi huamini kuwa ni damu ya watu waliouawa. Na uvumi ukienea, mji hujaa hofu na watu hawatoki baada ya jua kuchwa. Hata hivyo neno hili lina deni lake. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya uvumi wa wanyonya damu, ameonyesha kwamba hadithi hizi huwashuku watu wanaojulikana: zimamoto, askari, watumishi wa serikali, hata mwenyeji aliyeajiriwa na mgeni. Mumiani ana mshenga mjini. Katika picha ya Spielberg hakuna mshenga. Hakuna mtu aliyeuza wenzake. Mfasiri atumiaye neno hilo ameongeza shitaka ambalo picha haina. Shitaka hilo laweza kuwa la maana kuliko picha yenyewe, lakini yafaa kujua kuwa ni kiungo cha mpishi.

Juu ya lawama ya mashine zilizozikwa, Lindi ina jibu ambalo New York haina. Huko Tendaguru, bara ya Lindi, tangu mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walisimamia uchimbaji wa mifupa ya wanyama wa kale, na wapagazi wakachukua zaidi ya tani 200 kwa miguu hadi bandarini. Kiunzi kimoja kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, na hadi leo madai ya kurudishwa kwake husikika Lindi na bungeni. Watu walilima juu ya majitu hayo vizazi kwa vizazi. Kwa mtu wa huko, kwamba chini ya shamba pamelala kitu kikubwa kisichojulikana si kosa la mtunzi. Tena anajua sehemu ya pili: kilipotoka ardhini hakikubaki kwa wenye ardhi.

Liko lakini jambo ambalo hakuna neno linaloweza kulitimiza, nalo ni kimya. Ray amejificha chini ya nyumba pamoja na bintiye na mtu mwingine aliyerukwa na akili, ambaye makelele yake yatawaita wavamizi. Ray anamfunga mtoto kitambaa machoni, anamwambia aimbe, anaingia chumbani na kufunga mlango. Kamera hubaki kwa mtoto. Mtazamaji haoni kitu, na kwa kutoona anajua kuwa mtu mwema amekuwa muuaji. Banda la video halijazoea kimya. Watazamaji huisemesha picha, humwonya stelingi, hugombana naye akikimbia. Mfasiri naye hulipwa kwa sauti yake. Akieleza mbele ya mlango ule kinachotendeka ndani, ameuvunja mlango. Hapa pilau imeharibu wali. Fanani wa ngano za pwani alijua siku zote mahali pa kunyamaza ili hadhira ivute pumzi. Mfasiri wa sinema ni mrithi wake, na urithi huo si wa maneno tu.

Imebaki lawama ya mwisho wa ghafla. Picha hufunguliwa kwa tone la maji lenye viumbe visivyoonekana kwa jicho, na hufungwa kwa tone kama hilo. Aliyewashinda wavamizi alikuwa ndani ya maji tangu mwanzo. Mfasiri atakayesema vijidudu atakuwa amesema kweli. Atakayesema maji atakuwa amegusa kidonda. Kwa maana katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete walianza kung'oa pamba, na maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yaliaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Risasi hazikugeuka. Vita na njaa iliyofuata viliua watu wanaokadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000.

Spielberg, bila kukusudia, amewaonyesha watu wa pwani hii vita vya Maji Maji vilivyopindishwa mwisho: wavamizi wenye silaha zisizozuilika, na maji yaliyofanya kazi. Mwisho unaoonekana mwepesi kwa wengine hapa una uzito wa kuumiza, kwa kuwa ni ule uliotumainiwa usitokee. Lakini ndipo penye upungufu wa kweli wa picha. Ushindi wake hauna mshindi. Watu wanaokolewa bila ya kukubaliana juu ya jambo lolote. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, alishika njia ngumu zaidi. Maji yake hayashindi, bali yanawaunganisha watu waliokuwa wametengana, na shujaa wake anakataa kuyakana hata akabiliwapo na kifo, asije akawaachia watoto neno la kuwa mapigano yao yalikuwa kosa. Sinema inatoa maji yenye nguvu na watu wasio na umoja. Tamthilia inatoa maji yasiyo na nguvu na watu wenye umoja. Mtazamaji wa Kilwa anaweza kuzipima mbili hizi kwa mizani moja, na mizani hiyo hakupewa na New Jersey.

Wajibu wa wataalamu wa lugha katika jambo hili wa wazi. Kanda za wafasiri huoza na kufutwa, na usimulizi wa mabandani uliondoka pamoja na usiku wake. Kamati ya Lugha iliandika neno mumiani likapona hadi leo. Maneno ambayo wafasiri wa sinema walimwitia mgeni asiye na jina yanastahili heshima hiyohiyo, yakusanywe kabla hayajakauka.