Kilichopotea katika Kromosomu ya 13

Katika lukemia sugu ya limfosaiti, maradhi ambayo aghalabu huwapata wazee, ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa hupotewa na kipande kile kile cha kromosomu ya 13, mahali paitwapo 13q14. Na kwa kuwa haielekei kipande kisicho na kazi kipotee kwa watu wengi namna hiyo, wataalamu waliipekua sehemu ile, jeni baada ya jeni, wakiitafuta iliyokuwa ikiizuia saratani, na kila waliyoituhumu ikadhihirika haina hatia.

George Calin, akifanya kazi na Carlo Croce mjini Philadelphia, hakuipuuza dalili hiyo, na katika subira yake ndimo ninamoiona fadhila kubwa ya kazi nzima. Seli za wagonjwa ziliunganishwa na seli za panya, zikapatikana seli chotara ambamo kromosomu iliyokatika iliweza kutazamwa peke yake, pasipo nakala iliyo nzima kuuficha upungufu. Kwa hila hiyo eneo likabanwa hata likabaki herufi takriban 30,000 za DNA. Humo mlikuwamo RNA mbili fupi mno, miR-15a na miR-16-1, zenye nukleotidi 22 hivi kila moja, wala hazitengenezi protini. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba zimepotea au zimefifia kwa wagonjwa wapatao 68 kwa mia.

Jinsi zinavyofanya kazi ilielezwa mwaka 2005: hujishikiza kwenye ujumbe wa jeni ya BCL2, zikauzuia usigeuzwe kuwa protini. Protini hiyo huikinga seli na mauti hata ajali yake ikiwadia; RNA zile zikitoweka, huzidi kiasi, na limfosaiti zilizostahili kufa huendelea kuishi na kurundikana katika damu.

Walakini mambo mawili kuandamana si hoja kwamba moja limelizaa la pili. Hoja hiyo ilipatikana mwaka 2010 katika maabara ya Riccardo Dalla-Favera, New York, kwa panya waliofutiwa RNA hizo mbili tu: baadhi yao waliugua maradhi yanayofanana na ya binadamu, na limfosaiti zao zilionekana zikigawanyika upesi kupita kawaida, jambo ambalo BCL2 peke yake hailielezi. Waliofutiwa kipande kirefu zaidi waliugua vikali zaidi; yamkini, basi, 13q14 ina kizuizi kingine juu ya hizo mbili.